Wiki ya Sauti ya Pili

Kama kuna mtu hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, ambaye hajawahi kumwomba Apolonia kitu, basi mtu huyo amehamia jana na bado hajafungua mizigo. Sare za shule zikichanika, Apolonia. Msiba ukitokea na wapishi hawatoshi, Apolonia. Bibi harusi akinenepa kati ya siku ya kupimwa gauni na siku ya kulivaa, ni Apolonia huyohuyo anayeitwa afanye muujiza kwenye mshono wa kiunoni, na ajabu ni kwamba muujiza hutokea. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Cherehani yake iko barazani, na barazani ndipo kila apitaye anapomwona, kwa hiyo hata akitaka kujificha hana pa kujifichia.

Kwenye kwaya ya parokia anaimba sauti ya pili. Wasioijua kwaya waambiwe: sauti ya kwanza ndiyo inayosifiwa, sauti ya nne ndiyo inayotetemesha madirisha, na sauti ya tatu ina wanaume wanaojipenda. Sauti ya pili ni chumvi ya mchuzi. Ikikosekana watu wanakunja uso, ikiwepo hakuna anayeitaja. Apolonia ameiimba tangu akiwa msichana na hajawahi kulalamika, ila mtu anaweza asilalamike na bado akatamani.

Ndiyo maana alikaa kitako pale Mwalimu Herman alipomwambia kwamba kwenye tamasha la Jumamosi ataimba sehemu nzima peke yake. Herman ndiye anayeongoza kwaya, kijana aliyesomea muziki, anayevaa tai hata kwenye mazoezi. Na tamasha lenyewe halikuwa la kubahatisha. Wapigaji wanne walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam na vyombo vyao vya nyuzi: fidla mbili, nyingine nene kidogo kuliko hizo, na ile kubwa inayosimamishwa sakafuni na kukumbatiwa, iitwayo selo. Pamoja na kwaya wangepiga misa ya Kilatini iliyotungwa na Mzungu mmoja aliyekufa siku nyingi. Kipande cha mwisho, cha kuomba amani, kina mahali ambapo vyombo vinauliza na sauti ya pili inajibu, mtu mmoja tu, wengine wote midomo imefungwa.

"Kwa nini mimi, Mwalimu?" aliuliza.

"Kwa sababu wewe huimbi ili uonekane, Mama Esta."

Apolonia hakujua kama amesifiwa au amesemwa. Alirudi nyumbani akiwa na karatasi ya nota kifuani, na njia nzima aliwaza mtu mmoja tu, baba yake.

Mzee Mayala wa Mhunze alikuwa manju enzi zake. Manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma, na kwa Wasukuma si jina la kupewa kirahisi. Baada ya mavuno, vikundi viwili vinasimama pande mbili za uwanja, kila kimoja na ngoma zake na manju wake, vinaanza kwa wakati mmoja, na watu walio katikati wanakwenda kwa anayewapendeza. Hakuna jaji wala alama. Jua likizama, mwenye watu wengi ameshinda, na mwenzake anabaki na vumbi. Hiyo ndiyo mbina, na Mayala aliwahi kuwaacha manju wenye majina wakiimbia punda.

Sasa huyo ndiye aliyezaa binti akaenda kubatizwa na kuingia kwaya. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwambia tu, "Umehamia upande wa pili," na tangu siku hiyo hakuwahi kwenda kumsikiliza. Hata siku ya ndoa yake alikaa nje ya ukuta wa kanisa na ugoro wake mpaka nyimbo zikaisha. Alikuwa akisema watu wanaoimba wamesimama wima kama nguzo, macho kwenye karatasi, lazima wana homa. Apolonia alicheka naye miaka yote hiyo, lakini ndani ilimuuma. Mzee alikuwa anaukaribia mwaka wa themanini. Apolonia alitaka baba yake amsikie, hata mara moja tu. Makofi ya watu wengine angeyapokea kwa heshima na kuyasahau.

Jumatatu asubuhi, pikipiki ikasimama mbele ya baraza. Alikuwa Ndaki, mdogo wake, na nyuma yake amekaa mzee mwenyewe, koti jeusi, fimbo mapajani, jicho la kushoto jeupe kama limepakwa maziwa.

"Mwangaluka, Baba," Apolonia alimwamkia kwa Kisukuma, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka. Huyu ndugu yako anaendesha kama anayefukuzwa."

Ndaki alieleza haraka, maana Ndaki huwa na haraka anapoleta kazi. Madaktari wa macho walikuwa hospitalini wiki hiyo, Baba angetolewa mtoto wa jicho Jumanne, dada angemwangalia, na Jumamosi asubuhi lori la pamba la jirani lingempitia kumrudisha Mhunze. Mwezi wa saba huo, kijijini kazi zilikuwa nyingi. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaondoka.

Apolonia alisimama na bilauri mkononi akipiga hesabu ya kichwa. Mungu kamleta baba yake nyumbani kwake wiki ileile, halafu atamtoa saa chache kabla ya tamasha. Kama ni mzaha, alimwambia Mungu kimoyomoyo, basi haujanichekesha.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mzee alitoka amefungwa bandeji kubwa, akilalamika kwamba daktari alikuwa mtoto mdogo na mikono yake ilikuwa baridi. Daktari akatoa masharti: asiiname, asijikune, asibebe kitu kizito, asitikise kichwa.

"Na kucheza ngoma?" mzee aliuliza.

Daktari alicheka, akidhani ni utani. Apolonia hakucheka.

Jumatano, kabla hajazoea kumfukuza mzee kwenye jembe alilokatazwa kushika, akaingia Esta, binti yake, kutoka Masumbwe, amebeba mtoto mgongoni na mfuko wa nguo mkononi. Esta ana banda la chakula karibu na machimbo ya dhahabu, na anaongea kama wateja wake.

"Mama, duara limetema!" alisema kabla hata ya shikamoo, maana yake shimo limetoa dhahabu. "Watu wanakula mara nne kwa siku. Wali, wanataka. Chapati, wanataka. Na huyu naye anataka ziwa kila ninaposhika mwiko. Nimemleta umwachishe."

Hilo halina mjadala. Mtoto anayeachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi, analia huko mpaka anasahau, na kilio ni cha bibi kukimaliza. Apolonia alimpokea mjukuu, mtoto wa kike aitwaye Vumilia, ambaye tangu siku hiyo hakuvumilia chochote. Esta alikunywa maji, akamwamkia babu yake, akajifuta machozi kwa siri, akarudi kwa wachimbaji wake.

Basi nyumba ikawa na watu wawili walionyimwa kitu. Mmoja alinyimwa ziwa, mwingine alinyimwa kuinama. Wote wawili walikataa uji. Mzee Mayala alimtazama kitukuu wake kwa jicho moja, kitukuu akamtazama kwa macho mawili yaliyojaa machozi, na mzee akasema, "Pole, mfungwa mwenzangu." Kuanzia hapo wakawa kitu kimoja. Kila Apolonia alipogeuka aliwakuta wanashirikiana katika jambo walilokatazwa.

Alhamisi ilikuwa ya magauni. Kwaya ilikuwa imeamua kuvaa mapya, rangi ya zambarau, na nadhani umeshajua nani alikuwa anayashona. Hapo ndipo alipofika Mwamvua, rafiki yake wa tangu ujana. Mwamvua anauza vitambaa sokoni. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa hapahapa, na familia haijatoka Shinyanga tangu wakati huo, lakini Mwamvua bado anaita kila anachokifanya "mambo ya kwetu pwani", ingawa pwani ameiona mara moja alipokwenda harusini. Aliketi mkekani akaanza kupinda mikono ya magauni, mdomo ukienda sambamba na sindano.

"Hao wapiga fidla, shoga, nitawatuza. Kwetu kwenye taarabu mtu akipiga fidla ikakugusa, unakwenda unacheza mpaka mbele, unamtuza pesa."

"Usithubutu. Mwalimu Herman atazimia."

"Sasa muziki gani huo usiotuzwa?"

"Wa kusikiliza. Unakaa kimya mpaka mwisho."

Mwamvua alimwangalia kwa huruma ya kweli.

Jioni hiyo yakawa mazoezi pamoja na wageni. Apolonia alikwenda na Vumilia mgongoni, kwa sababu kumwacha na mzee ilikuwa ni kuwaacha wafungwa na ufunguo. Mtoto alilia njia nzima, akalia ukumbini wakati wapigaji wanakaza nyuzi, akalia mpaka Herman akalegeza tai. Halafu yule msichana wa selo, Zakia, akavuta upinde mara moja, sauti nene na ndefu, na Vumilia akanyamaza. Akavuta tena. Apolonia alihisi kile kichwa kidogo kikianguka mgongoni kwake. Aliimba sehemu yake yote na mtoto amelala fofofo, na hata mwenyewe alijua ameimba vizuri.

"Mama, huyo mtoto alale hapohapo Jumamosi pia," Zakia alisema.

Apolonia alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia uchungu, maana ilikuwa imebaki siku moja na hajamwambia baba yake neno. Ijumaa, baada ya daktari kutoa bandeji kubwa na kumwekea mzee kifuniko kidogo cha jicho, akajikaza.

"Baba, kesho kuna tamasha. Mimi nitaimba peke yangu. Usiende na lori. Ndaki atakuja na pikipiki Jumapili."

"Kanisani?"

"Ukumbini. Siyo kanisani."

"Mnasimama?"

"Tunasimama, Baba."

"Na karatasi?"

"Na karatasi."

Mzee alitikisa kichwa, akakumbuka masharti, akaacha kukitikisa. "Lori likija nitakwenda," alisema. Alikuwa ameshakunja koti. Apolonia aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, akajifanya anaanua nguo ambazo hazijakauka. Aliona aibu kulia kwa jambo la namna hiyo katika umri wake, akalia hivyohivyo.

Mwamvua alimkuta huko. Alimpangusa uso kwa upande wa khanga, akamwambia amalize vifungo vya magauni, akaenda mwenyewe kuketi na mzee. Kutoka barazani Apolonia alisikia sauti zao bila kusikia maneno. Mzee aliuliza kitu kwa ukali. Mwamvua akajibu chini chini. Mzee akauliza tena. Baadaye mzee akatoka, ameshika fimbo, kifua mbele.

"Mpigie Ndaki. Mwambie lori lipite. Mimi siendi."

"Kwa nini, Baba?"

"Umekwisha kunywa yai bichi? Kunywa yai bichi, koo lilainike," alisema, akaenda kumtafuta mfungwa mwenzake.

Apolonia alimtazama Mwamvua. Mwamvua alikuwa anachunguza uzi kama ndiyo kwanza anauona.

Ukweli ulitoka Jumamosi mchana, wakiwa wanavaa, saa ambayo haifai kutoa ukweli wowote.

"Shoga, kuna jambo dogo," Mwamvua alianza, akimfunga zipu mgongoni. "Jana nilimwambia mzee wametoka watu Dar es Salaam kuja kushindana na wewe."

"Ulimwambia nini?"

"Nilisema wao wako wanne na vyombo vyao, wewe uko peke yako, na watu wa hapa huenda wakahamia kwao. Akaniuliza, 'Ana dawa ya kuvuta watu?' Nikamwambia hana, ni Mkatoliki. Akasema, 'Basi siwezi kumwacha.'"

Apolonia alishika ukingo wa meza. "Mwamvua. Baba yangu hana mzaha na mbina."

"Mimi nilidhani ananielewa natania! Kwetu ukimwambia mtu hivyo anacheka, mnamaliza. Nikaona amekubali kubaki, nikasema, nani ananituma kuharibu?"

Hapakuwa na muda wa kumrekebisha mzee wala wa kumnyonga Mwamvua. Walikwenda ukumbini wote wanne, mzee mbele na fimbo yake, akiwaamkia watu njiani kama mtu anayeomba kura.

Na Herman, bila kujua, alikuwa amemaliza kazi iliyobaki. Jukwaa la ukumbi ni dogo na lilijaa viti vya mapadre na wageni rasmi. Kwa hiyo kwaya aliiweka chini, ukuta wa kushoto. Wapigaji wanne akawaweka ukuta wa kulia. Watu akawaketisha katikati. Mzee Mayala aliingia, akasimama mlangoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia watu wa katikati.

"Wameupanga vizuri," alimwambia Mwamvua. "Hawa wanajua kazi."

Walikaa mstari wa mbele, Vumilia mapajani kwa Mwamvua. Herman alitoa tangazo. Simu zizimwe. Hakuna makofi, hakuna vigelegele, hakuna kupiga kelele mpaka misa yote iishe. Watu wa Ngokolo ni watiifu, wakanyamaza kabisa.

Misa ilianza. Kwaya na nyuzi zilikwenda pamoja, na Apolonia, katikati ya wenzake wa zambarau, alimchungulia baba yake kila alipogeuza karatasi. Mzee hakuwa anaangalia waimbaji. Kidevu kikiwa juu ya fimbo, jicho lake zima lilikuwa linatembea kwenye nyuso za watu, mstari kwa mstari. Manju huangalia watu kwanza. Aliona nyuso zimetulia, hakuna anayecheka wala kuyumba wala kutoa sauti, na kadiri vipande vilivyokwenda, ndivyo paji lake la uso lilivyozidi kukunjamana.

Kikafika kipande cha mwisho. Kwaya ikafunga midomo. Zakia akauliza kwa selo, swali refu la chinichini, na Apolonia akajibu. Jibu la kwanza lilitoka safi, akalisikia likienda mpaka ukuta wa nyuma. Zile fidla zikauliza kwa juu, kwa kasi kidogo, na yeyote aliyekulia Mhunze angekuambia zilikuwa zinamchokoza. Apolonia akajibu tena. Lakini safari hii macho yake yalikutana na jicho la baba yake, pumzi ikamwisha kabla ya neno, na ncha ya neno ikabaki hewani. Wachache waliona. Kisha likaja lile tuo ambalo Mzungu aliliandika mwenyewe, la wote kunyamaza, nyuzi na watu, muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotarajia.

Kwa Herman, tuo lile ndilo kilele cha misa yote. Kwa Mzee Mayala, watu kumnyamazia mwimbaji maana yake ni moja tu: amekwisha kupoteza.

Akasimama. Mwamvua alidaka koti lake kwa mkono mmoja, lakini Vumilia naye akataka kushuka, koti likamponyoka. Fimbo ikagonga sakafu. Mzee alivuka nafasi ile tupu taratibu, kichwa hakitikisiki, kama daktari alivyoagiza, akafika upande wa kwaya, akasimama kando ya binti yake, akageuka, akawatazama watu. Alisimama tu upande huo.

Herman aliganda na mikono juu. Halafu kwenye mstari wa tatu mama mmoja mnene akaokota mkoba wake, akainuka, akavuka. Baadaye aliapa kwamba hajui nini kilimpata, miguu ilijiendea. Nyuma yake akavuka Mzee Bujiku, katekista, mtu asiye na mzaha hata siku za sikukuu. Wakaja wengine wawili, kisha mstari mzima, kisha viti vikaanza kukwaruza ukumbi mzima. Hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele. Mwalimu alikuwa amevikataza, nao walimheshimu. Kuhama hakukukataza.

Upande wa kulia vikabaki viti vitupu na wageni wanne. Zakia aliviangalia vile viti, akaangalia umati uliosongamana kushoto, na Apolonia akamwona anang'ata mdomo asicheke. Kisha msichana yule akaushika upinde vizuri, akauliza swali la mwisho kwa nguvu ambayo hakuitumia kwenye mazoezi hata mara moja. Alikuwa ameelewa kwamba anashindwa, na hakutaka kushindwa kirahisi.

Apolonia akamjibu. Aliimba na koti la baba yake likimgusa mkono na pumzi za watu zikimfikia kisogoni, na karatasi aliisahau. Kwaya ikaingia, nyuzi zikaingia, misa ikaisha. Herman aliposhusha mikono, vigelegele vilivyokuwa vimezuiwa tangu mwanzo vilitoka vyote kwa pamoja, na Vumilia akalia kwa hofu.

Kilichofuata Herman hapendi kukikumbuka. Watu walipanga mstari kwenda kuwapa mkono wageni. "Poleni sana," waliwaambia, mmoja baada ya mwingine, kwa upole wa kweli. "Mmejitahidi. Mje tena mwakani." Mwamvua, akiona kila sheria imeshavunjika, akacheza mpaka mbele ya mwenye fidla ya kwanza na kumtuza. Zakia alimkuta Apolonia mlangoni, akamkumbatia. "Mama, tumepiga miji mingi," alisema, "lakini tulikuwa hatujawahi kushindwa."

Kila mtu alicheka njia nzima kurudi nyumbani, isipokuwa wawili. Mzee Mayala hakusema chochote. Alikula, akatiwa dawa ya matone, akalala. Apolonia alingoja mpaka akachoka kungoja. Furaha ya ukumbini ikaanza kumpungukia kidogo kidogo. Alijiambia kwamba baba yake alivuka kwa sababu mwanawe alikuwa ameachwa peke yake, na mzazi yeyote angevuka. Angemfanyia hivyo hata Ndaki. Kuhusu kuimba kwenyewe, ile nafsi yake aliyoisimamisha mbele ya watu, mzee hakuwa na neno.

Jumapili, baada ya misa ya asubuhi, Ndaki alifika na pikipiki. Apolonia alikuwa jikoni anakoroga uji, Vumilia amekaa mlangoni na kikombe, anakunywa bila vita kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa ameshavaa koti. Alikuja akasimama pale mlangoni, fimbo mkononi.

"Ile mara ya pili," alisema, "pumzi ilikuishia kabla ya neno."

Apolonia aliacha kukoroga. "Nilikuona, Baba. Nikaogopa."

"Kuogopa si kosa. Kosa ni kuvuta pumzi kifuani. Unavuta kama mtu anayekimbia mvua. Vuta hapa." Akajigonga tumboni kwa kiganja. "Na ukiona watu wamenyamaza, usiwaangalie usoni. Mtafute mmoja, mwimbie huyo. Mara ya tatu ulifanya hivyo bila kujua."

"Mara ya tatu ilikuwaje?"

Mzee aligeuza fimbo mkononi. "Ile sauti ya chini uliyoshuka nayo mwishoni," alisema, "nani alikufundisha?"

"Hakuna, Baba. Ndivyo ninavyoiimba siku zote."

Mzee alimtazama kwa jicho lile moja.

Huko nje Ndaki alizima pikipiki. Alikuwa amepiga ngoma kwenye kikundi cha baba yao miaka kadhaa, ujanani, kisha akaacha bila kueleza. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mimi alikuwa ananiambia 'vizuri'. Kila siku 'vizuri'. Hakunisahihisha hata mara moja."

Apolonia alimwelewa. Machozi yalimjaa, na hakwenda kujificha nyuma ya nguo safari hii, aliyaacha yashuke mbele ya wote.

"Nitachelewa, Baba," Ndaki alisema.

"Chelewa," mzee alijibu. Akavuta kigoda, akakaa taratibu bila kuinama, akaiweka fimbo magotini. "Anza pale kwenye ile ya pili."

Apolonia alivuta pumzi tumboni, mwiko wa uji bado mkononi, akaanza. Hakufika mbali. Fimbo iligonga sakafu.

"Tena," alisema baba yake.